Leseni ya gemu: ulicholipia Steam, na kinachoondoka ukifungiwa

Ukilipia gemu Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, kisheria hujainunua gemu yenyewe. Umepewa leseni, yaani ruhusa ya kuicheza kupitia akaunti yako kwa masharti ya Valve, kampuni yenye Steam. Sidi ya PlayStation ukiichoka unamuuzia jirani na mambo yanaisha. Leseni huwezi kuiuza wala kuirithisha, na akaunti nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo anayekuuzia akaunti yake iliyojaa gemu anauza kitu alichokubali kwenye mkataba kwamba hatakiuza.

Kwenye kufungiwa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. VAC, mfumo wa Valve wa kunasa wanaocheza kwa programu za udanganyifu, ukikunasa kwenye gemu ya Counter-Strike haukunyang'anyi maktaba, yaani gemu zote ulizolipia. Unazuiwa kuingia seva zinazolindwa na mfumo huo. Adhabu ni ya kudumu, na hata huduma kwa wateja hawaifuti, lakini gemu zako nyingine unaendelea nazo kama kawaida. Kuna kipengele kimoja ambacho wengi hawakijui: mdogo wako akicheza nakala yako kupitia familia ya Steam, yaani utaratibu wa kushirikiana gemu na watu wa nyumbani, akadanganya akanaswa, na wewe mwenye gemu unafungiwa gemu hiyo. Basi angalia unamkaribisha nani.

Akaunti nzima kufungwa, kwa mfano kwa utapeli au malipo ya kadi ya wizi, ni balaa jingine. Gemu zote zimefungamana na akaunti hiyo moja, na mkataba unaipa Valve nguvu ya kuisitisha.

Halafu unaweza kupoteza bila kosa lolote. Kampuni ya gemu ya Ubisoft ilizima seva za gemu yake The Crew tarehe 31 Machi 2024. Gemu hiyo, iliyotoka 2014, ilihitaji intaneti hata ukicheza peke yako, hivyo waliolipia wakabaki mikono mitupu. Mwaka huohuo California ilipitisha sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayomkataza muuzaji kuandika neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapata leseni tu. Steam ikaweka tangazo hilo penye malipo. Kwangu mimi ni hatua ndogo: muuzaji analazimika kusema ukweli, umiliki bado huna. Ufaransa chama cha watumiaji UFC-Que Choisir kilitaka wachezaji waruhusiwe kuuza gemu walizokwisha kuzitumia. Kikashinda mahakamani Paris mwaka 2019, kisha kikabwagwa kwenye rufaa.

Anayetaka unafuu hununua GOG, duka jingine la gemu mtandaoni. Huko nako karatasi inasema leseni, ila unashusha faili la kusakinisha lisilo na kufuli. Ukishaliweka kwenye diski yako ya nje, hata akaunti ikifungwa gemu ya mchezaji mmoja inafunguka bila kuomba intaneti.