Kutoa kutu kwa umeme: maneno ya mtaani na ukweli wake

Msimu wa kupogoa mizabibu ukikaribia huku Dodoma, mikasi iliyolala stoo hutolewa ikiwa imeshikana kwa kutu. Siku hizi wengi hawaanzi na msasa. Wanachukua ndoo ya plastiki, maji na chaja ya betri ya volti 12. Mkasi na kipande cha chuma chakavu hutumbukizwa majini, kila kimoja kwenye waya wake wa chaja, na umeme unaopita kati yao hulegeza kutu. Njia yenyewe ni nzuri. Tatizo ni ushauri unaoambatana nayo.

"Tia chumvi, umeme upite vizuri." Utapita, ndiyo, lakini chumvi hiyo hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Tumia soda ashi, ule unga mweupe wa watengeneza sabuni ya maji (si kostiki!), kijiko kimoja cha chakula kwa lita nne. Magadi ya mawe ya kuivishia maharage nayo yanapitisha umeme, ila huwa na chumvi ndani yake. Na usijaze ukidhani ndiyo dawa. Unga huo hauli kutu, unapitisha umeme tu. Ukizidisha, chaja ndiyo inayochemka.

"Waya wowote popote." Hapa nina kovu langu. Mkasi hukaa upande wa hasi, waya mweusi. Chuma chakavu hukaa kwenye chanya. Mimi niligeuza, nikalala. Asubuhi chuma chakavu kilikuwa salama, na makali ya mkasi yalikuwa kama yametafunwa na panya.

Kwa kuwa chuma cha upande wa chanya huliwa na kujaa tope, wapo wanaoshauri kuweka kijiko cha stenlesi kwa sababu hakichakai. Huu ndio ushauri mbaya kuliko yote. Stenlesi ina kromiamu, na umeme huitoa ikaingia majini katika hali yenye sumu inayosababisha saratani. Ukiona maji yamekuwa ya njano, ujue. Weka kipande cha nondo, kikichafuka kikwangue, endelea.

Kuna wanaoamini kwamba chuma kilicholiwa kitarudi. Hakirudi. Kutu hulegea na kubaki weusi unaotoka kwa brashi ya waya. Vishimo vinabaki vishimo.

Aluminiamu usiitumbukize kabisa, maji yenye soda ashi huila.

"Mapovu ni hewa tu." Mapovu ya kwenye mkasi ni hidrojeni, inayolipuka kwa cheche moja. Fanyia kazi uani, na uzime chaja kabla ya kugusa klipu. Hidrojeni hiyohiyo hupenya chuma kigumu na kukifanya kikatike ghafla, kwa hiyo springi ya mkasi ing'oe kwanza, uisugue kwa mkono.

La mwisho ni letu wenyewe, la kutopaka mkasi mafuta ukishatoka kwenye ndoo: "Dodoma kukavu, mafuta ya nini?" Chuma kilichotoka kwenye ndoo kiko uchi na kimelowa. Mkasi wangu wa pili niliuweka juu ya tofali nikaenda kunywa chai. Niliporudi, wekundu ulikuwa umeshaanza kwenye bawaba.