Je, wajua kwa nini "jaji wa kaunti" huko Texas si lazima awe mwanasheria?

Ed Emmett alikuwa mbunge katika Bunge la jimbo la Texas, Marekani, kuanzia 1979 hadi 1987. Mwaka 2007 akawa jaji wa Kaunti ya Harris, ambako ndiko liliko jiji la Houston. Hakuwa mwanasheria. Robert Eckels aliyemtangulia naye alitokea bunge hilohilo. Inakuwaje mtu avuke kutoka bungeni hadi ujaji bila kusomea sheria?

Jibu limo katika katiba ya Texas ya 1876. Inataka jaji wa kaunti awe anaifahamu vyema sheria ya jimbo, basi. Leseni ya uwakili haikutajwa. Katiba hiyo inamweka mezani pamoja na makamishna wanne, kila mmoja amechaguliwa na eneo lake. Kikao chao huitwa mahakama ya makamishna, ingawa kazi yake ni bajeti, kodi ya ardhi na majengo, barabara na jela ya kaunti.

Jaji ndiye mwenyekiti, lakini ana kura moja tu kati ya tano, wala hana kura ya turufu. Hapa ndipo aliyezoea kutafuta kura bungeni anapomzidi wakili hodari. Tena kodi ina sharti lake: shughuli za kawaida akidi ni wajumbe 3, ila kiwango cha kodi hakipitishwi mpaka wawepo 4. Mwaka 2022 makamishna wawili wa Harris walisusia vikao, na wale watatu waliobaki, wengi kama walivyokuwa, wakashindwa kupitisha kiwango walichokitaka.

Na kesi je? Inategemea kaunti. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 64 Kaunti ya Loving, na zaidi ya milioni 4.7 Harris. Kwenye kaunti ndogo jaji huyu bado husikiliza mirathi na makosa madogo ya jinai. Kwenye kaunti kubwa kesi hizo zina mahakama zake, zenye majaji wanasheria.

Uzito wa cheo huonekana kimbunga kinapokuja. Jaji wa kaunti ndiye anayetangaza hali ya maafa na kuamuru watu wahame. Tangazo hilo hufa baada ya siku 7 makamishna wasipoliongezea muda. Emmett alipitia kimbunga Ike mwaka 2008 na kimbunga Harvey mwaka 2017.

Kwa hiyo kutoka bungeni kwenda kaunti si kushuka ngazi. Mbunge wa Texas hulipwa mshahara wa dola 600 kwa mwezi, na kikao cha kawaida hakizidi siku 140 kila miaka miwili. Jaji wa Harris ana kazi mwaka mzima.

Muhula ni miaka 4, kwa kura za wananchi. Nafasi ikibaki wazi katikati, makamishna humteua mtu wa kuijaza. Emmett aliingia hivyo Eckels alipojiuzulu, kisha akathibitishwa na wapiga kura mwaka 2008. Novemba 2018 alishindwa na Lina Hidalgo, binti wa miaka 27, ambaye naye hakuwa mwanasheria.