Daktari akiandika mofini, jinai inaanzia wapi?

Charles Linder alikuwa daktari mjini Spokane, jimbo la Washington. Mwanamke mmoja mwenye uraibu alimwendea, naye akampa vidonge vinne: kimoja cha mofini, dawa kali ya maumivu itokanayo na afyuni, na vitatu vya kokeini. Kumbe mgeni wake alikuwa mtoa habari wa serikali. Linder alishtakiwa kama muuza unga na akatiwa hatiani, mpaka mwaka 1925 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoifuta hukumu ile. Majaji walisema daktari aliyetoa dozi ndogo kwa nia njema, ili kumpunguzia mgonjwa mateso, hajavunja sheria ya 1914 iliyodhibiti dawa hizo.

Miaka mia imepita na ubishi uko palepale. Mimi ni mtu wa famasia, si mwanasheria. Kazi yangu ni kujua dawa inafanya nini mwilini. Lakini kesi hizi huamuliwa kwa hoja za dozi na maumivu, na nimeona watu wengi wakizijadili bila kutenganisha mambo mawili: daktari aliyekosea, na mfanyabiashara aliyevaa koti jeupe.

Sheria inayotumika leo Marekani ni ya mwaka 1970. Kanuni zake zinasema cheti cha dawa zinazodhibitiwa ni halali kikiandikwa kwa sababu halali ya tiba, na daktari anayefuata utaratibu wa kawaida wa taaluma yake. Soma tena maneno hayo. Hakuna miligramu humo, wala idadi ya siku. Utaratibu wa kawaida wa nani? Mpasuaji anayemtuliza mgonjwa kwa siku tatu baada ya upasuaji, au daktari wa saratani ambaye mgonjwa wake anahitaji mofini mara kumi ya ile iliyomtosha mwaka jana?

Zipo kesi ambazo hazimsumbui mtu yeyote. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya daktari Moore wa Washington, D.C. Katika muda wa miezi mitano na nusu aliandika vyeti 11,169 vya methadoni, dawa ya jamii ya afyuni inayotumika pia kutibu uraibu, jumla ya vidonge karibu 800,000. Ada yake ilifuata wingi wa vidonge: dola 15 kwa hamsini, dola 25 kwa mia, dola 35 kwa mia na hamsini. Hakupima wagonjwa ipasavyo. Huyo ana bei ya jumla na ya rejareja, na mahakama haikuona shida kusema kwamba leseni ya udaktari haimkingi.

Ugumu ulikuja baadaye. Mwaka 1996 kampuni ya dawa ya Purdue iliingiza sokoni OxyContin, dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, ikiwaambia madaktari kwamba hatari ya uraibu ni ndogo kuliko kwa dawa nyingine za jamii hiyo. Mwaka 2007 kampuni dada yake, Purdue Frederick, ilikiri mahakamani kosa la kuinadi dawa hiyo kwa maelezo yasiyo ya kweli. Kufikia 2012 vyeti vya dawa za jamii ya afyuni vilivyotolewa nchini humo kwa mwaka vilizidi milioni 255. Florida kulizuka kliniki za kuandikiwa dawa hizo kwa pesa taslimu, ambazo watu walisafiri kutoka majimbo mengine kuzifuata. Vifo vikaongezeka, familia zikadai haki, na waendesha mashtaka wakaanza kutazama kalamu za madaktari.

Hapo ndipo swali la nia lilipopotea njiani. Katika baadhi ya mahakama, juri, yaani jopo la raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, iliambiwa kwamba inatosha kuona daktari alitoka nje ya viwango vya taaluma, hata kama yeye mwenyewe aliamini anatibu. Mwaka 2022, katika kesi ya daktari Ruan wa Alabama iliyounganishwa na ya daktari Kahn, Mahakama ya Juu ilisema hapana: serikali lazima ithibitishe, bila kuacha shaka ya maana, kwamba daktari alijua au alikusudia kuandika dawa kinyume cha ruhusa aliyopewa. Majaji wote tisa walikubali hukumu za awali ziondolewe. Kwenye sababu walitofautiana. Watatu hawakuridhika na njia iliyotumiwa na wenzao sita.

Kwangu mimi uamuzi ule ni sahihi, na si kwa huruma kwa madaktari. Uzembe una mahali pake. Kuna bodi inayoweza kufuta leseni, kuna kesi ya madai ambayo familia inaweza kushinda na kulipwa fidia. Jela ya miaka ishirini ni ya mtu aliyejua anachofanya. Wanaopinga husema daktari mwovu atajificha nyuma ya maneno “niliamini”. Sidhani ni rahisi hivyo. Jaji Breyer, aliyeandika uamuzi huo, alieleza kwamba kadiri imani anayodai mshtakiwa inavyokosa akili, ndivyo juri inavyoweza kuhitimisha kwamba alijua. Na faili la mgonjwa husema mengi: alipimwa? Aliulizwa kuhusu pombe? Dozi ilipandishwa kwa sababu gani, na nani aliandika sababu hiyo?

Kile ambacho faili haliwezi kuthibitisha kwa namba peke yake ni uhalifu. Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo umma unapopotoshwa zaidi. Mwili unaopewa mofini kwa wiki kadhaa huizoea, hivyo dozi ileile hutuliza kidogo kuliko mwanzo. Mwili huo pia huitegemea: ikikatwa ghafla huja arosto, yaani jasho, kuhara, kutetemeka, kukosa usingizi, na maumivu kurudi kwa kishindo. Haya humpata hata bibi mwenye saratani ya mifupa ambaye hajawahi kutamani kulewa. Uraibu ni jambo jingine: mtu kushindwa kujizuia na kuendelea kutumia huku maisha yake yakibomoka. Mwendesha mashtaka akionyesha dozi kubwa na arosto kama ushahidi wa uraibu, ameonyesha famakolojia tu. Hatari halisi iko kwenye pumzi. Dawa hizi hutuliza shina la ubongo linaloongoza upumuaji, na zikichanganywa na pombe au dawa za usingizi, mtu anaweza kulala asiamke. Daktari aliyepuuza hilo ana maswali ya kujibu.

Hofu ya pingu nayo ina wagonjwa wake. Mwaka 2016 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilitoa mwongozo ulioshauri tahadhari kubwa dozi inapofikia sawa na miligramu 90 za mofini kwa siku. Ulikuwa ushauri kwa madaktari wa huduma za awali. Kampuni za bima, maduka ya dawa na baadhi ya majimbo wakaugeuza ukuta. Madaktari wakaanza kuwakata dozi watu waliotulia kwa miaka, hadi mwaka 2019 mamlaka ya dawa, FDA, ikalazimika kuonya kwamba kukatisha ghafla kumesababisha maumivu makali, msongo na hata watu kujiua. CDC yenyewe iliurekebisha mwongozo mwaka 2022. Wakati huohuo vyeti vilikuwa vimeshuka hadi kama milioni 142 mwaka 2020, ilhali mwaka 2021 zaidi ya watu 100,000 walikufa kwa kuzidisha dawa za kila aina, wengi kwa fentanili, dawa kali mno ya jamii ya afyuni, iliyopikwa kiharamu. Fentanili hiyo haina cheti wala daktari.

Polisi wanapofunga kliniki asubuhi, wagonjwa wake wote hubaki bila dawa siku hiyohiyo, wenye hatia na wasio na hatia. Ukijikuta katika hali hiyo, usiache dozi kwa mkupuo na usitafute mbadala mtaani. Mwili uliokaa siku kadhaa bila dawa hauwezi tena kubeba kiasi ulichokizoea, na hapo ndipo watu hufa. Chukua makopo yako ya dawa na nakala ya faili lako, nenda hospitali, waeleze umetumia nini na kwa muda gani, uombe dozi ishushwe taratibu au tiba iendelezwe. Kama nyumbani kuna naloksoni, dawa inayorudisha pumzi mtu anapozidiwa, mwonyeshe mtu unayeishi naye ilipo na namna ya kuitumia.