Kura ya posta haiibiki kirahisi hivyo

Kila Marekani ikifanya uchaguzi, uvumi ule ule hurudi: eti kura ya posta, ile mpiga kura anayoijazia nyumbani na kuirudisha ndani ya bahasha, mtu yeyote anaweza kuijaza na kuituma apendavyo. Sivyo. Jimbo la Oregon wamemchagua rais kwa posta tangu 2000, na wizi uliothibitika huko ni wa kuhesabika.

Itazame bahasha yenyewe. Kwa nje ina saini ya mpiga kura na, katika majimbo mengi, alama ya mistari inayomtambulisha daftarini. Akishapokelewa kura moja, ya pili haihesabiwi. Mwaka 2020, katika kaunti ya Cobb, Georgia, wakaguzi walipitia saini za bahasha zaidi ya 15,000. Hawakukuta kura hata moja ya udanganyifu.

Wizi hutokea, tusifichane. Mwaka 2018 huko North Carolina, vibarua wa kampeni ya ubunge walizunguka majumbani wakikusanya kura za posta, jambo ambalo sheria inakataza. Mgombea wao aliongoza kwa kura 905 tu. Bodi ya uchaguzi ya jimbo ikagoma kumwidhinisha, mashahidi wakasikilizwa hadharani, na mwaka 2019 uchaguzi ukarudiwa.