Mwone Mama Yake Kwanza: Kumtambua Mfugaji Mwaminifu Kabla ya Kununua Mtoto wa Mbwa

Mtu anapoleta kliniki mtoto wa mbwa aliyemnunua siku mbili tu zilizopita, na mtoto huyo tayari anatapika na kuharisha damu, swali langu la kwanza kwake huwa ni hili: je, ulimwona mama yake? Mara nyingi jibu ni hapana. Muuzaji alisema mama yuko kwa ndugu, au ni mkali kwa wageni, au ametolewa matembezini. Wengine walikabidhiwa mtoto katika maegesho ya magari, kwa maelezo kwamba muuzaji alitaka kuwapunguzia safari. Kirusi cha parvo, ambacho ni chanzo cha kawaida cha kuharisha kwa namna hiyo, huchukua kwa kawaida siku 3 hadi 7 tangu kuingia mwilini hadi dalili kujitokeza. Kwa hesabu hiyo, mtoto aliyeugua siku ya pili alikuwa ameshaambukizwa kabla mnunuzi hajatoa fedha yake.

Nimeanza na mama kwa sababu biashara nzima ya viwanda vya mbwa inategemea mnunuzi asimwone. Ninaposema kiwanda cha mbwa nina maana ya mahali ambapo majike wengi hufungiwa vizimbani na kupandishwa kila wanapoingia kwenye joto, yaani takriban mara mbili kwa mwaka, bila kupumzishwa, hadi uwezo wao wa kuzaa ufikie kikomo. Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi, kisha hufuata wiki kadhaa za kunyonyesha. Jike anayepandishwa kila joto hutumia sehemu kubwa ya maisha yake akiwa ama na mimba ama na watoto kifuani. Watoto wake huondolewa mapema na kuuzwa kupitia kwa madalali, maduka ya wanyama na matangazo ya intaneti, na kila mkono wanaopitia huwatenganisha zaidi na mahali walikozaliwa. Mnunuzi humpokea kijibwa aliyeoshwa, amefungwa utepe shingoni, na hana namna ya kujua alitoka wapi.

Baadhi ya wanunuzi hujituliza kwa kuuliza kama muuzaji ana leseni. Leseni ni jambo jema, na asiyekuwa nayo pale inapotakiwa aepukwe bila mjadala, lakini mnunuzi anapaswa kujua leseni hiyo inadai nini hasa. Nchini Marekani, ambako ufugaji wa mbwa wengi kwa ajili ya kuuza watoto wao ulishika kasi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kanuni zinazotokana na sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 1966 zinamruhusu mwenye leseni kumweka mbwa katika kizimba ambacho kila upande unazidi urefu wa mbwa mwenyewe, kutoka puani hadi shina la mkia, kwa inchi 6 tu, yaani kama sentimita 15. Mbwa anaweza kuishi humo miaka yote na mwenye kizimba akawa hajavunja sheria. Kanuni za Uingereza za mwaka 2018, zinazotumika England, zimekwenda mbele zaidi: anayezalisha mizao 3 au zaidi kwa mwaka kwa ajili ya kuuza lazima awe na leseni, jike hapandishwi kabla ya kutimiza miezi 12, hazai zaidi ya mara moja katika kipindi cha miezi 12, na maisha yake yote haruhusiwi kuzaa zaidi ya mara 6. Hata hivyo, mfugaji anayejali hujiwekea masharti makali kuliko hayo. Leseni inatuonyesha kiwango ambacho mtu hawezi kushuka chini yake bila kuadhibiwa, na haitwambii kama anawapenda wanyama wake.

England hiyo hiyo ilifika mahali pa kukubali kwamba mama ndiye kiini cha jambo. Mwaka 2013 jike wa aina ya Cavalier King Charles Spaniel aliyepewa jina la Lucy aliokolewa kutoka kiwanda cha mbwa huko Wales, akiwa na mgongo uliopinda na nyonga zilizokaza kwa kufungiwa mahali padogo muda mrefu. Alifariki mwaka 2016, lakini jina lake ndilo linalotajwa na watu wanapozungumzia sheria iliyoanza kutumika tarehe 6 Aprili 2020, inayokataza kuuza watoto wa mbwa na wa paka walio chini ya miezi 6 kupitia kwa madalali na maduka. Anayetaka mtoto wa umri huo amchukue kwa aliyemzalisha, mahali alipozaliwa, akiwa na mama yake, au aende kwenye makazi ya wanyama waliookolewa. Ufaransa nayo ilipiga marufuku uuzaji wa mbwa na paka madukani kuanzia tarehe 1 Januari 2024. Kwa maoni yangu, hata pale ambapo sheria haijafika huko, mnunuzi anaweza kujiwekea sharti hilo mwenyewe, na halimgharimu chochote isipokuwa safari.

Ukifika, angalia kwa utulivu. Jike aliyenyonyesha wiki chache zilizopita huwa na chuchu zilizovimba au kuning'inia, na watoto wake humkimbilia bila woga. Baadhi ya wauzaji huazima jike mwingine wa aina ileile na kumlaza karibu na watoto, na utamtambua kwa sababu huwakwepa, huwafokea wakimkaribia, na tumbo lake ni kavu. Mama kukonda kidogo baada ya kunyonyesha si ajabu. Kinachopaswa kukutia shaka ni manyoya yaliyonyonyoka, kucha zilizorefuka mpaka kujikunja, meno yaliyooza, na zaidi ya yote woga: mbwa anayejibana ukutani mwenye nyumba anaponyanyua mkono amekupa maelezo ambayo maneno ya mwenye nyumba hayawezi kuyafuta. Omba kuona pia mahali mbwa wanapolala, hata kama watoto wameshaletwa sebuleni. Mfugaji anaweza kukutaka uvue viatu au unawe mikono kwanza ili usiwaletee watoto maradhi, na huo ni uangalifu wa kupongezwa. Lakini anayekataza kabisa mtu kuvuka kizingiti amekujibu tayari.

Tabia ya mbwa hujengwa mapema mno, na hapo ndipo hasara ya viwanda huwa kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Watafiti John Paul Scott na John L. Fuller, waliofanya kazi kwa miaka mingi katika maabara ya Bar Harbor, jimbo la Maine, walichapisha mwaka 1965 matokeo yaliyoonyesha kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi mtoto wa mbwa hujifunza kwa wepesi wa pekee nani na nini ni vya kawaida katika dunia yake. Aliyezoea sauti za watu, watoto wanaocheza, vyombo vinavyogongana jikoni na sakafu za namna mbalimbali katika wiki hizo hukua akiwa mtulivu. Aliyezipitisha kwenye kizimba gizani hukua akiogopa, na mbwa mwoga ndiye anayeuma. Waswahili husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kwa mbwa malezi hayo huanza kabla mnunuzi hajamfahamu. Mwaka 2013 Frank McMillan, James Serpell na wenzao walilinganisha mbwa walionunuliwa madukani na wale waliotoka kwa wafugaji wadogo, wakakuta kwamba wa madukani walikuwa na hali mbaya zaidi katika vipengele 12 kati ya 14 vya tabia walivyovipima, ikiwamo ukali dhidi ya wenye nyumba wao wenyewe. Kwa sababu hiyohiyo mtoto asichukuliwe kabla ya wiki 8. Zile wiki za mwisho pamoja na mama na ndugu zake ndizo zinazomfundisha kupima nguvu ya meno yake.

Umri pia ni kipimo cha ukweli wa makaratasi. Mwongozo wa WSAVA, ambacho ni chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo, unaelekeza chanjo za msingi zianze kati ya wiki ya 6 na ya 8, zirudiwe kila baada ya wiki 2 hadi 4, na ziendelee hadi wiki ya 16 au zaidi. Sababu ni kwamba kinga anayoipata mtoto katika maziwa ya kwanza ya mama huizuia chanjo kufanya kazi, na hakuna ajuaye kwa kumtazama tu ni wiki ipi kinga hiyo imeisha. Basi muuzaji anayekwambia mtoto wa wiki 8 "amemaliza chanjo zote" ama hajui anachokisema ama anakudanganya. Kadi ya chanjo iwe na tarehe, jina na sahihi ya daktari, pamoja na ile stika ya chupa yenye namba ya toleo la dawa. Vivyo hivyo katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni ya jumla ni kwamba chanjo ya kichaa cha mbwa haitolewi kabla ya wiki 12, kisha husubiriwa siku 21 ndipo mbwa avushwe mpaka. Mtoto wa wiki 9 mwenye pasipoti ya nchi nyingine ana karatasi ya kutiliwa shaka.

Kuhusu hati ya nasaba, wanunuzi huipa uzito isiokuwa nao. Hati hiyo hueleza wazazi, babu na bibi ni nani, basi. Haisemi lolote kuhusu moyo, macho wala viungo vyao. Hapa ndipo mfugaji mwaminifu hujitenga waziwazi na mchuuzi, kwa sababu vipimo vya wazazi hugharimu fedha na muda, na anayefuata faida peke yake hana haja navyo. Uliza vipimo vinavyohusu aina ile unayoitaka: nyonga na viwiko kwa mbwa wakubwa kama German Shepherd na Labrador, moyo kwa Doberman na Cavalier, masikio kwa Dalmatian, upumuaji kwa mbwa wenye pua fupi. Usikubali jibu la kwamba wazazi "wameonwa na daktari", kwa kuwa kukaguliwa kwa macho na mikono hakuonyeshi kasoro ya nyonga. Inatakiwa picha ya eksirei iliyosomwa na wataalamu. Shirika la Orthopedic Foundation for Animals la Marekani halitoi cheti cha mwisho cha nyonga kabla mbwa hajatimiza miezi 24, kwa hiyo mzazi wa mwaka mmoja na nusu anayedaiwa kuwa nacho hana. Nchini Uingereza nyonga zote mbili hupewa alama kati ya 0 na 106, na zikiwa chache ndivyo zilivyo bora. Jihadhari pia na rangi zinazotangazwa kuwa adimu na mbwa wanaosifiwa kwa udogo uliopitiliza. Wazazi wawili wenye rangi ya mabaka kama marumaru, ambayo wafugaji huiita merle, wakipandishwa pamoja, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kurithi rangi hiyo pande zote mbili, na watoto hao wamo katika hatari kubwa ya kuzaliwa viziwi au na macho yenye kasoro. Anayefanya hivyo kwa kujua, ili apate rangi inayouzika, si mfugaji wa kumpelekea fedha.

Usishangae mfugaji mzuri akikuhoji kuliko unavyomhoji. Atataka kujua nyumba yako ikoje, nani atabaki na mbwa mchana, na kwa nini umechagua aina hiyo. Pengine atakwambia usubiri miezi kadhaa kwa kuwa hana uzao, au atakukatalia. Huzalisha aina moja au mbili tu, na mkataba wake humtaka mnunuzi amrudishe mbwa kwake iwapo atashindwa kumtunza, hata baada ya miaka 7. Muuzaji mwenye aina kumi, mwenye watoto tayari wakati wowote, anayedai arbuni leo kwa sababu "kuna mteja mwingine njiani", anaendesha dirisha la bidhaa. Na anayedai kwanza nauli ya ndege, kisha fedha ya kasha, kisha bima, kwa mbwa ambaye hujawahi kumwona hata kwa video ya moja kwa moja, huenda hana mbwa kabisa.

Jambo gumu kuliko yote ni huruma. Nimewasikia watu wema wakisema walijua mahali pale ni pabaya, lakini hawakuweza kumwacha yule mdogo aliyekuwa akitetemeka kwenye kona. Ninaielewa huruma hiyo na siwalaumu. Lakini fedha iliyomtoa mmoja ndiyo inayomlipia mama yake kupandishwa tena, na kile kizimba hakikai wazi wiki mbili. Anayetaka kuokoa aende kwenye makazi ya mbwa waliotelekezwa, ambako hupatikana hata wa mbegu halisi, na ambako kumchukua mmoja hakumtajirishi anayewatesa wengine.

Ikiwa umeshanunua na sasa una shaka, mpeleke mtoto kwa daktari wa mifugo ndani ya saa 48 hata akionekana mzima, na umtenge na mbwa wengine mpaka apimwe, kwa sababu parvo hudumu kwenye udongo kwa miezi mingi. Nawa mikono kila unapomshika au kuondoa kinyesi chake: kati ya mwaka 2016 na 2018 zaidi ya watu 100 nchini Marekani waliugua kutokana na bakteria aina ya Campylobacter, waliohusishwa na watoto wa mbwa wa madukani, na bakteria hao walikuwa sugu kwa dawa zinazotumiwa kwa kawaida. Mwombe daktari asome chipu ya utambulisho iliyo chini ya ngozi na akuandikie namba yake, ambayo kwa kawaida ina tarakimu 15, kisha aeleze kwa maandishi hali aliyomkuta nayo mtoto na umri anaoukadiria kwa kutazama meno. Hifadhi tangazo, risiti, namba ya simu ya muuzaji na mazungumzo yenu yote, uyapeleke kwa mamlaka ya ustawi wa wanyama au polisi, na uandike pia mahali mlipokabidhiana, hata kama palikuwa kando ya barabara.