Kutiririsha filamu: maana yake, gharama yake na nani anayelipa

Kutiririsha ni kutazama filamu huku inaendelea kuletwa kwa intaneti, bila kusubiri faili lote lishuke kwanza kwenye simu, kompyuta au runinga yako. Filamu hukatwa vipande vya sekunde chache chache. Unapotazama kipande kimoja, programu imeshaagiza vinavyofuata na kuviweka akiba, na vilivyokwisha kutazamwa hufutwa. Kile kiduara kinachozunguka katikati ya kioo kinakwambia kwamba akiba imeisha kabla kipande kipya hakijafika. Basi.

Kila kipande huandaliwa mapema kwa viwango kadhaa vya ubora, na programu huchagua kinachoendana na kasi ya mtandao kwa wakati huo. Ndiyo maana picha huanza na ukungu, kisha ikatakata. Hapa pia ndipo pesa nyingi hupotelea bila mtu kujua. Kwa maelezo ambayo huduma ya Netflix huwapa wateja wake, picha ya HD (kali) inaweza kula hadi GB 3 kwa saa na ya 4K (kali zaidi) hadi GB 7, ilhali mpangilio wa chini kabisa hutumia karibu GB 0.3. Filamu ileile ya saa 2 inaweza basi kukumalizia GB 6 au ikatosheka na MB 600. Kwenye kioo kidogo cha simu, tofauti ya picha hailingani hata kidogo na tofauti hiyo ya data. Wengi huhangaika kutafuta huduma ya bei nafuu, kumbe kinachowamaliza ni bando. Anayelipia data kwa kipimo aanze na mipangilio ya ubora, au apakue filamu ndani ya programu yenyewe akiwa kwenye Wi-Fi, kisha aitazame bila mtandao.

Kuna jambo jingine linalowapita watu. Huduma kubwa huifunga filamu kwa kufuli la kidijitali ili isinakiliwe. Kwenye vifaa vya Android kufuli hilo mara nyingi ni Widevine, la Google, nalo lina viwango. Kifaa kisichofikia kiwango cha juu kabisa, kiitwacho L1, kwa kawaida hupewa picha ya chini, hata kama umelipia kifurushi cha HD. Programu ya Netflix ya Android huonyesha kiwango cha kifaa chako ndani ya mipangilio yake. Angalia kabla ya kulipia ubora ambao simu yako haitauonyesha.

Sasa tuje kwenye bei. Mimi huona swali la kujiuliza ni moja: filamu hii, nani anailipia? Mtayarishaji lazima alipwe, na seva, yaani kompyuta zinazotuma filamu, lazima ziendeshwe. Kwenye huduma halali mlipaji huonekana waziwazi.

Anaweza kuwa wewe, kwa usajili wa kila mwezi. Netflix, iliyoanzishwa 1997 na kuanza kwa kutuma DVD kwa posta, iliingia kwenye kutiririsha mwaka 2007 na kuufanya usajili uwe jambo la kawaida. Anaweza kuwa mtangaza biashara: YouTube ina filamu nzima za bure zilizowekwa na wenye haki zao, na zipo huduma kama Tubi na Pluto TV ambazo hazidai senti, ila hukatiza filamu kwa matangazo na hazipatikani kila nchi. Njia hizi mbili siku hizi zimechanganyika. Novemba 2022 Netflix ilianza kuuza kifurushi cha bei ya chini chenye matangazo katika baadhi ya nchi, na Disney+ ikafuata Desemba mwaka huohuo nchini Marekani.

Unaweza pia kukodi filamu moja tu. Utaratibu uliozoeleka ni siku 30 za kuianza na saa 48 za kuimaliza baada ya kuianza. Kwa mtu anayetazama filamu moja au mbili kwa mwezi, kukodi huenda kukamgharimu kidogo kuliko usajili. Kununua, kwa upande wake, si kununua kama tulivyozoea dukani. Unachopewa ni ruhusa ya kutazama, na ruhusa hiyo inaweza kukoma huduma ikipoteza haki za filamu hiyo. Jimbo la California lina sheria, iliyoanza kutumika 1 Januari 2025, inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali wasitumie neno "nunua" bila kumweleza mteja kwamba anapata leseni.

Mlipaji wa tatu ni maktaba. Huduma ya Kanopy hulipiwa na maktaba za umma na vyuo vikuu, na mwanachama huingia kwa kadi yake ya maktaba bila kulipa. Wanafunzi wengi wana haki hii na hawajui.

Kisha zipo filamu ambazo hazina wa kulipwa tena, kwa sababu hakimiliki yake imekwisha. Sheria ya Marekani hulinda filamu za zamani kwa miaka 95 tangu zitolewe, hivyo zile za 1929 ziliachiwa umma 1 Januari 2025. Nyingine ziliponyoka mapema kwa uzembe. Filamu ya kutisha ya 1968, Night of the Living Dead, iliyofungua njia kwa filamu zote za mazombi tunazozijua leo, iliingia sokoni bila tangazo la hakimiliki kwa sababu wasambazaji walilisahau walipobadilisha jina lake. Kwa sheria ya wakati ule, haki ikapotea hapohapo. Internet Archive, shirika lililoanzishwa 1996, limehifadhi filamu nyingi za aina hii na kuzitazama ni bure. Lakini vitu humo hupakiwa na watu wa kila namna, kwa hiyo kukuta filamu mpya pale hakuifanyi iwe halali. Pia muda wa hakimiliki hutofautiana kati ya nchi na nchi.

Ukijiuliza swali hilohilo kwenye tovuti inayotoa filamu zilizotoka wiki iliyopita, zote, bure, humwoni mlipaji. Yupo. Ni mtazamaji mwenyewe, na mara nyingi hulipa kwa kifaa chake au kadi yake ya benki. Tovuti hizi hukataliwa na makampuni makubwa ya matangazo, kwa hiyo huishi kwa matangazo ambayo wengine hawayataki, yakiwemo ya kitapeli. Kitufe kikubwa cha kucheza filamu huwa tangazo, na cha kweli kimejificha. Ukiambiwa "sasisha Flash Player ili uendelee", ujue ni ulaghai bila kufikiri mara mbili, kwani Flash ni programu ya zamani ya kuchezea video kwenye kivinjari, na wenyewe, kampuni ya Adobe, waliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Ukiombwa uruhusu arifa ili uthibitishe kwamba wewe si roboti, kataa, la sivyo kivinjari kitakumwagia matangazo hata filamu ikiwa imefungwa. Ukiombwa namba ya kadi ya benki kwa akaunti ya "bure" kwenye tovuti usiyoijua, toka. Na ile alama ya kufuli pembeni mwa anwani isikupumbaze. Inaonyesha tu kwamba mawasiliano kati yako na tovuti yamefichwa wengine wasiyasome. Tapeli naye huweka kufuli.

VPN, programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye njia iliyofichwa, haiponyi haya. Inaficha unakokwenda, lakini faili lenye programu hasidi likishuka, limeshuka. Torenti, yaani njia ya watu kugawiana faili moja kwa moja kati ya kompyuta zao, nazo zina lao: wakati unapakua, kompyuta yako inawapakilia wengine vipande hivyohivyo, na anwani yako ya IP, namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti, inaonekana na kila aliye kwenye kundi hilo. Yaani umeshatoka kwenye kutazama, umeingia kwenye kusambaza.

Visanduku vya Android vya kuchomeka kwenye runinga, vinavyouzwa kwa ahadi ya "filamu zote bila kulipia", vinastahili woga zaidi. Juni 2025 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitoa onyo kuhusu mtandao wa vifaa vilivyoambukizwa uitwao BADBOX 2.0. Baadhi ya visanduku vilikuwa na programu hasidi tangu kabla ya mnunuzi kuvifungua, vingine viliipata wakati wa kupakua programu za kuanzia. Wahalifu huvitumia kupitisha shughuli zao kupitia intaneti ya nyumba ya mtu, na mwenye nyumba hana habari. Kabla ya kununua kisanduku, hakikisha kimeidhinishwa na Google chini ya Play Protect, kinga yake dhidi ya programu hasidi. Kikikutaka uzime Play Protect ili kifanye kazi, kirudishe.

Akaunti za huduma kubwa zinazouzwa na watu usiowajua kwa bei ya kutupa nazo mara nyingi ni za wizi. Mwenyewe akibadilisha nywila, pesa yako imekwenda.

Ukitaka filamu fulani, itafute kwanza kwenye JustWatch, tovuti ya kutafutia filamu, na uchague nchi yako. Itakuonyesha ni huduma zipi halali zinayo, na kama ni ya usajili, ya kukodi au ya bure. Usajili nao si ndoa. Hakuna ulazima wa kulipia huduma tatu kwa pamoja: chukua moja mwezi huu, tazama ulichokifuata, mwezi ujao hamia nyingine. Kwa nyingi, unaweza kusitisha siku ileile uliyojiunga na bado ukatazama hadi mwisho wa kipindi ulicholipia, ila soma masharti ya kipindi cha majaribio, maana baadhi hukukatia papo hapo. Netflix huhifadhi historia yako kwa miezi kadhaa baada ya kuondoka, kwa hiyo ukirudi ndani ya muda huo utaendelea na tamthilia yako ulipoiachia.