Uigaji wa dharura: maana yake katika kuwafunza wasimamizi wa maafa

Uigaji wa dharura ni njia ya mafunzo inayomweka msimamizi wa maafa ndani ya tukio la kubuni, ili afanye kazi ileile ambayo angeifanya siku ya tukio la kweli: apokee taarifa, azipime, aamue, atoe maagizo, kisha abebe matokeo ya maagizo hayo kwa saa zinazofuata. Hapo ndipo uigaji unapoachana na semina. Katika semina mshiriki huelezwa namna watu wanavyohamishwa kutoka eneo la mafuriko. Katika uigaji huarifiwa kwamba ni saa tisa usiku, mto umepanda, barabara ya kaskazini imekatika, na kila dakika anayokaa kimya maji yanazidi kuingia majumbani.

Asili ya mbinu hii ni jeshini. Mwaka 1824 jeshi la Prussia, dola la zamani la Kijerumani, lilianza kuwafunza maofisa wake kwa mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani, ambapo kila upande ulipata tu zile habari ambazo kamanda wa kweli angeweza kuzipata, na mwamuzi mmoja ndiye aliyejua hali yote. Kanuni hiyo ya kumnyima mchezaji picha kamili ingali moyo wa uigaji hadi leo. Baadaye ilikuja mashine ya kufunzia marubani, iliyobuniwa na Edwin Link mwaka 1929, na taratibu mbinu hii ikaenea katika hospitali, viwanja vya ndege, vinu vya nyuklia na vituo vya kuratibu maafa.

Swali la msingi ni kwa nini msimamizi wa maafa ahitaji njia hii, na asitosheke na kitabu cha mpango wa dharura. Jibu linatokana na namna watu wenye uzoefu wanavyoamua mambo wakiwa wamebanwa na wakati. Katika miaka ya 1980 mwanasaikolojia Gary Klein na wenzake waliwachunguza makamanda wa vikosi vya zimamoto nchini Marekani, wakitarajia kuwaona wakilinganisha njia mbili au tatu kabla ya kuchagua. Waligundua kwamba mara nyingi makamanda hao hawakulinganisha chochote: waliitambua hali kwa kuifananisha na zile walizowahi kuzipitia, wakajenga kichwani picha ya hatua ya kwanza iliyoonekana kufaa, na kama haikuwa na kasoro, wakaichukua. Uamuzi wa namna hiyo ni mwepesi na mara nyingi ni sahihi, lakini unategemea akiba ya matukio kichwani. Askari wa zimamoto huijaza akiba hiyo kwa kuwa moto mdogo hutokea mara kwa mara. Msimamizi anayeratibu mji mzima anaweza kushika wadhifa wake kwa miaka mingi bila kukutana na tetemeko kubwa hata moja, kisha siku linapotokea akatakiwa kuamua kama mtu aliyekwisha kuyaona. Uigaji humwazima uzoefu ambao maisha hayakumpa.

Kwa sababu hiyohiyo, uigaji mbaya una hatari kuliko kutokuwa na uigaji, nami ninalisema hili kwa uzito wote. Tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, jimboni Pennsylvania, Marekani, vali moja ilikwama ikiwa wazi na maji ya kupoza kinu yakawa yanapotea. Waendeshaji walisoma kipimo kilichoonyesha kwamba maji yamejaa, wakayapunguza maji ya dharura yaliyokuwa yameanza kuingia yenyewe, na sehemu ya kiini cha kinu ikayeyuka. Walikuwa wakifuata mkazo waliopewa mafunzoni, yaani kutoruhusu mfumo ujae maji kupita kiasi. Tume ya rais iliyochunguza ajali hiyo ilibaini kwamba mashine ya uigaji waliyofunziwa haikuwa imepangwa kuonyesha hali iliyowakabili siku ile. Akiba yao ya matukio ilikuwa na pengo, na pengo hilo lilitiwa na mafunzo yenyewe.

Kwa ukubwa wake, mazoezi haya hupangwa kwa ngazi. Zoezi la mezani ni mjadala wa viongozi wanaozunguka meza moja na kupitia tukio hatua kwa hatua; halina gharama kubwa na linafaa kufichua mpango usioeleweka. Zoezi la kituo huwaweka washiriki kwenye chumba chao cha uratibu, kwa simu na kompyuta zao wenyewe, huku magari na vikosi vikibaki vya kufikirika. Zoezi la uwanjani huwatoa watu na vifaa nje. Viwanja vya ndege vya kimataifa, kwa mfano, hutakiwa na kanuni za ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, kufanya zoezi kamili la dharura kwa vipindi visivyozidi miaka 2, au miaka 3 iwapo zoezi hilo linatanguliwa na mfululizo wa majaribio ya sehemu. Kwa msimamizi, zoezi la kituo ndilo lenye manufaa makubwa zaidi, kwa kuwa kazi yake halisi hufanyika palepale.

Tukichungulia ndani ya zoezi kama hilo, tutaona vyumba viwili. Katika chumba cha kwanza wamo washiriki. Katika cha pili, ambacho washiriki hawakioni, wamo waendeshaji wa zoezi wenye orodha ya matukio iliyopangwa dakika kwa dakika: saa 4:10 simu ya hospitali ikisema jenereta lina mafuta ya saa 2, saa 4:14 ujumbe wa polisi kwamba watu 40 wamekwama darajani, saa 4:16 ujumbe wa zimamoto kuhusu daraja hilohilo, ukisema watu ni 12, saa 4:20 mtu anayejitambulisha kuwa mwandishi wa habari akitaka idadi ya waliofariki. Kila ujumbe huanza na kuishia kwa maneno “zoezi, zoezi, zoezi”, ili anayeusikia kwa bahati mbaya asidhani kuna maafa ya kweli. Watathmini husimama pembeni na daftari. Wanachoandika si kama daraja liliokolewa, kwani daraja halipo, bali ni nani aliyegundua kwamba 40 na 12 haziwezi kuwa kweli kwa pamoja, alimuuliza nani, na zilipita dakika ngapi kabla ya mafuta ya hospitali kukumbukwa tena.

Hapa ndipo neno “uhalisia” linapohitaji kufafanuliwa, maana hueleweka vibaya. Wengi hudhani kuwa uhalisia ni moshi, ving’ora na majeruhi waliopakwa rangi nyekundu. Vitu hivyo vina faida kwa mwokoaji, ambaye mikono na macho yake ndivyo vinavyofunzwa. Kinachofunzwa kwa msimamizi ni uamuzi, na uhalisia wa uamuzi umo katika taarifa pungufu au zinazopingana, muda mfupi, uchovu, shinikizo la wakubwa na la umma, na zaidi ya yote katika matokeo yanayofuata kile alichokiamua. Akipeleka mabasi yote upande wa kusini, basi saa moja baadaye upande wa kaskazini uombe mabasi na usiyapate. Zoezi ambalo hadithi yake inaendelea vilevile, hata mshiriki aamue nini, ni tamthilia, na washiriki hulitambua hilo mapema sana.

Uhalisia pia ni kukubali kuharibu kile ambacho mpango unakitegemea. Jijini New York, kituo cha kuratibu dharura kilikuwa katika jengo la 7 World Trade Center, ambalo lililazimika kuhamwa na kisha likaporomoka tarehe 11 Septemba 2001. Gati namba 92 lilikuwa limetengwa kwa zoezi lililopangwa kufanyika kesho yake, na likageuzwa kuwa kituo kipya. Lilikuwa jambo la kushukuru, lakini mpangaji wa zoezi anapaswa kujiuliza ni mara ngapi amewahi kuwaambia washiriki wake kwamba chumba walichomo hakitumiki tena.

Mara tu zoezi linapokwisha, washiriki hukaa pamoja kabla hawajatawanyika, wakasema waliyoyaona yakiwa bado mabichi. Kikao hicho hakiwezekani iwapo kosa la zoezini linamchafulia mtu jina kazini, kwa sababu anayeogopa hataamua lolote gumu, na hapo watathmini watakuwa wamepima hofu tu. Kisha huandikwa ripoti, na ripoti ndiyo sehemu inayokufa kirahisi. Mwezi Julai 2004, mjini Baton Rouge, maofisa wa Louisiana na wa serikali kuu ya Marekani walifanya zoezi la siku 5 kuhusu kimbunga cha kubuni kilichoitwa Pam, ambacho kiliifurisha New Orleans na kuwalazimu watu zaidi ya milioni moja kuhama. Mipango iliyotokana na zoezi hilo ilikuwa bado haijakamilika tarehe 29 Agosti 2005, Kimbunga Katrina kilipotua Louisiana na kuifurisha New Orleans kwa kweli. Mafuriko yale hayakuwa mageni kwa walioshiriki; walikuwa wamekwisha kuyapitia mezani.

Ndiyo maana ripoti inayofaa huandika kwa kila kasoro jina la cheo kinachowajibika, fedha zitakakotoka na tarehe ya mwisho, na zoezi linalofuata hupangwa likiwa na kasoro ileile ndani yake, likifanywa na zamu nyingine ambayo haikuwepo mara ya kwanza.